Kazi ya Kukaa Iko Mtaa Gani?

Barua ya wazi kwa madaktari mnaotathmini ulemavu, kwa maofisa wa mifuko ya hifadhi ya jamii, na kwa watakwimu wa Taifa

Waheshimiwa madaktari, ndugu maofisa, ndugu watakwimu,

Nawaandikia kutoka Chamazi, Manispaa ya Temeke, huku ambako mji wa Dar es Salaam unaanza kuchanganyika na minazi na mihogo. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi yangu ni baraza, meza moja ya plastiki na benchi. Jioni wanakuja watu walioumia kazini na bahasha zao za kaki zilizolainika kwa jasho: picha za X-ray, karatasi za kupumzishwa kazi (ED), barua ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho cha NIDA. Nazisoma moja moja, nawaeleza zinasema nini, na pale penye rufaa nawasaidia kuiandika.

Katika karatasi hizo kuna sentensi inayojirudia. Mwandiko hubadilika, muhuri hubadilika, lakini maneno ni yale yale: *anaweza kufanya kazi nyepesi za kukaa.* Nimeiona kwa kuli wa sokoni, kwa mwanamke wa kiwandani aliyepoteza vidole, kwa dereva wa lori, kwa saidia fundi. Barua hii naiandika kwa ajili ya sentensi hiyo.

Nianze na jirani yangu. Ana miaka 41 na elimu yake ni darasa la saba. Tangu ujana wake amebeba zege na tofali kwenye maghorofa yanayoota upande wa Kinondoni. Alikuwa akiondoka huku alfajiri na kurudi watoto wamelala. Siku moja mirunda iliteleza akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Nyonga ilivunjika na kiuno kikaumia. Mwajiri wake alikuwa amemwandikisha na michango alikuwa amelipa, kwa hiyo alitibiwa, na muda wote aliokuwa kitandani alilipwa sehemu ya mshahara. Juu ya hilo sina lawama kwa mtu yeyote. Asilimia ya ulemavu wake ilipopimwa ikaja chini ya 30, akapewa malipo ya mkupuo, na kwenye karatasi ya kliniki ikaandikwa sentensi ile.

Akaikunja, akaiweka mfukoni, akarudi nayo kwa mkandarasi. Mkandarasi akaisoma, akaangalia saiti nzima, kuanzia kwenye mashine ya zege hadi kwenye mirunda, kisha akamuuliza kwa upole kabisa: "Hapa nani anakaa?"

Tangu siku ile swali hilo halijanitoka kichwani. Mkandarasi hakuwa mtu mbaya. Aliangalia alichokuwa nacho akasema kweli: hata mlinzi wa saiti yake hakai, anazunguka na tochi usiku kucha.

Sheria zetu nazijua kidogo, na najua zimetutoa mbali. Kabla ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, tulikuwa tukiongozwa na sheria ya enzi za mkoloni, na viwango vyake vilikuwa vimebaki nyuma mno ya maisha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulipoanza kazi mwaka 2015, ulikuja na mafao ambayo wazazi wetu hawakuyajua: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda ya asilimia 70 ya mshahara, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao, posho ya anayemhudumia mgonjwa, mazishi, na malipo ya wategemezi. Anayechangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa upande wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, pensheni ya ulemavu inamtaka mwanachama awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kupata kipato.

Neno *kipato* hapo ni zito. Mfupa unaonekana kwenye picha, na daktari anaweza kupima goti linakunja nyuzi ngapi. Uwezo wa kupata kipato haumo ndani ya goti. Umo kati ya goti na mji. Goti lile lile likiwa la karani wa benki pale Posta, kesho asubuhi linarudi kazini na fimbo yake. Likiwa la saidia fundi wa Chamazi aliyeishia la saba, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo anayeandika kwamba mtu huyu bado anaweza kupata riziki kwa kazi ya kukaa, ajue ametoka kwenye udaktari na kuingia kwenye hesabu. Amesema kwamba kazi hizo zipo, kwamba zinafikiwa na mtu wa elimu ile, na kwamba ziko za kutosha kiasi cha yeye kupata moja. Hapo nauliza: nani alizihesabu?

Mtaniambia hakuna nchi inayohesabu vitu kama hivyo. Ipo. Marekani wamekuwa wakihesabu kwa miaka mingi, na yaliyowapata tuyajue kabla hatujaanza sisi.

Kule, mtu akiomba malipo ya ulemavu kutoka hifadhi ya jamii, halafu ionekane hawezi tena kazi yake ya zamani, huitwa mtaalamu wa ajira aje mbele ya hakimu wa madai. Mtaalamu huyo anaulizwa: mtu wa umri huu, elimu hii na maumivu haya, kuna kazi gani nchini anazoweza, na ziko ngapi? Kazi ya kukaa wameipa maana kabisa: mtu hanyanyui zaidi ya paundi 10, yaani kilo nne na nusu hivi, na anakaa takribani saa sita katika siku ya saa nane. Orodha ya kazi waliyokuwa wakiitegemea ni kamusi kubwa ya majina ya kazi iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1939. Toleo lake la nne ni la mwaka 1977, na marekebisho ya mwisho yalifanywa mwaka 1991. Ndiyo maana hadi miaka ya karibuni waombaji waliendelea kuambiwa kwamba wanaweza kuchambua njugu, kukagua vijiti vya mbao au kushughulikia mayai kiwandani, wakati kazi nyingi za namna hiyo zilishachukuliwa na mashine au zilishahamia nchi nyingine.

Tatizo la pili lilikuwa kwenye idadi yenyewe. Takwimu zao za ajira zinahesabu makundi makubwa, na ndani ya kundi moja mna kazi nyingi ndogo ndogo. Ili kuipata idadi ya kazi moja, baadhi ya wataalamu walichukua jumla ya kundi wakaigawa sawasawa. Kwa lugha ya huku kwetu, ni kama mtu aseme: soko la Tandika lina wauzaji elfu moja na bidhaa za aina mia moja, kwa hiyo wauza nyanya ni kumi na wauza misumeno ni kumi. Anayeijua Tandika atamshangaa mtu huyo. Lakini hesabu kama hiyo ikivaa suti ikaingia mahakamani, inaweza kumnyima mtu chakula.

Mwaka 2019, tarehe 1 Aprili, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Michael Biestek, mfanyakazi wa ujenzi kama jirani yangu. Mtaalamu alikuwa amesema ziko kazi 240,000 za kuunganisha vifaa mezani na 120,000 za kuchambua bidhaa. Wakili wa Biestek akaomba aonyeshwe idadi hizo zimetoka wapi. Mtaalamu akakataa, akasema ni taarifa za siri za wateja wake. Majaji sita kwa watatu wakaamua kwamba kukataa huko peke yake hakuubatilishi ushahidi. Watatu waliopinga hawakuridhika na mtu kunyimwa haki yake kwa idadi ambayo hakuruhusiwa kuiona. Miaka mitano baadaye, Juni 2024, taasisi ya hifadhi ya jamii ya huko yenyewe ikatangaza kuziondoa kazi 114 za kamusi ile katika zile zinazoweza kutajwa dhidi ya mwombaji.

Siwaambii tuige mfumo wa Marekani. Nasema tu kwamba wenzetu walihesabu vibaya, lakini kwa kuwa walitaja idadi, kulikuwa na kitu cha kubishia. Biestek alishindwa kesi, lakini alijua anabishana na 240,000. Jirani yangu anabishana na nini? Anabishana na neno *anaweza*, na neno hilo halina tarakimu wala anwani.

Basi nikaamua nitoke nikatazame. Jumamosi moja nilitoka Chamazi na vijana wawili wa mtaani, tukaenda Mbagala Rangi Tatu, kisha Tandika. Kila tulipomwona mtu anafanya kazi amekaa, tulimsalimia na kumuuliza maswali matatu: nani anakulipa, nafasi hii uliipataje, na wewe ukiondoka leo anaweza kuingia mtu asiyekufahamu?

Waliokaa ni wengi. Ukipita na gari utasema Temeke nzima imekaa. Ukiwauliza ndipo unaona.

Mwenye kibanda cha wakala wa pesa kwa simu amekaa, lakini amekalia mtaji wake: pesa ya kwenye laini na pesa ya mkononi, na kodi ya fremu. Binti aliyekaa kwenye kibanda kama hicho upande wa pili wa barabara ameajiriwa kweli, ana cheti cha kidato cha nne, na mwenye kibanda ni shangazi yake. Kijana anayepokea hela mlangoni mwa choo cha kulipia ni mpwa wa mwenye choo. Mama wa genge la nyanya anajilipa mwenyewe, siku nyingine hajilipi. Fundi viatu ana ufundi aliousomea miaka mitatu chini ya mti kwa fundi mwingine, kwa hiyo huyo si mtu asiye na ujuzi. Fundi cherehani vile vile.

Nilikaa muda mrefu kwa mama mmoja anayechambua maharage nje ya stoo ya nafaka. Amekaa kwenye kigoda kifupi, miguu ameinyoosha mbele, ungo uko mapajani. Vidole vyake vilikuwa vinatoa mawe na punje zilizotobolewa huku macho yakiniangalia mimi. Hii, nikasema moyoni, ndiyo kazi ya kukaa. Ndiyo ile ya kuchambua njugu ambayo Marekani wanaitafuta hawaioni, na sisi tunayo hai, sawa na wanawake wa Mtwara wanaochambua korosho. Nikamuuliza analipwaje. Kwa gunia. Gunia linafikaje hapa? "Nalivuta mwenyewe, mwanangu, kutoka kule ndani. Likiisha nalirudisha." Nikalitazama. Yule mwenye nyonga iliyovunjika angechambua vizuri tu. Asingeweza kulileta gunia wala kulirudisha, na hakuna mwenye stoo atakayemlipa mtu mwingine wa kumvutia.

Huo ni upande mmoja wa neno *nyepesi*. Upande mwingine mtauona Kinondoni, kule Kunduchi Mtongani, kwenye machimbo ya mawe. Wanawake wanakaa kutwa chini ya vivuli vya magunia wakiponda kokoto kwa nyundo. Wamekaa, hakuna aliyesimama. Mtu akiandika kwenye fomu kwamba ni kazi ya kukaa isiyohitaji elimu hatakuwa amesema uongo. Nendeni mkawatazame mabega.

Na kuna kazi za kukaa zilizokuwepo zikaondoka tunaona. Nakumbuka ofisi za serikali zilizokuwa na mwendesha swichibodi asiyeona, aliyezijua sauti za wakubwa wote. Simu za moja kwa moja zilipokuja, kiti kile kikaondolewa. Vibanda vya kuuzia umeme wa LUKU vilikuwa vimejaa kila mtaa. Leo umeme unanunuliwa kitandani kwa simu. Kwenye kivuko cha Magogoni na Kigamboni sasa kuna geti na kadi ya N-Card badala ya mkata tiketi. Sipingi maendeleo hayo, mimi mwenyewe nayatumia kila siku. Nasema tu kwamba kila mashine ya namna hii inapofungwa, mahali fulani kuna daktari anayeendelea kuandika *kazi nyepesi za kukaa* akiwa na picha ya mji wa mwaka 1995.

Zilizobaki zenye mshahara zina mlango mwembamba. Someni matangazo ya kazi yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme: keshia, mapokezi, muuza duka. *Awe msichana, umri 18 hadi 25, kidato cha nne na kuendelea, mwonekano mzuri, awe na wadhamini wawili.* Mwanaume wa miaka 41 mwenye fimbo na cheti cha darasa la saba hayumo katika tangazo hilo.

Halafu kuna suala la kukaa kwenyewe, ambalo naomba nilieleze taratibu kwa sababu nadhani hapa ndipo tunapokosana zaidi. Jirani yangu akija kwangu, mke wangu humpa kiti chenye mikono. Anakaa ameegemea upande wa kushoto. Baada ya dakika chache anahamisha uzito, anashika ukingo wa meza. Ikifika kama dakika 20 anasimama, anashika nguzo ya baraza, anahesabu pumzi zake kimoyomoyo, midomo ikitikisika, kisha anakaa tena. Anaomba radhi kila anaposimama. Nimemwambia mara nyingi asiombe radhi. Kwa mtu aliyevunjika nyonga kukaa ni kazi, na kukaa saa nane ni kazi nzito. Kwenye karatasi yake hakuna palipoandikwa anaweza kukaa dakika ngapi. Pameandikwa tu kwamba anaweza kukaa.

Na ili akalie kiti hicho cha kazi, kama kingekuwepo, lazima kwanza afike. Wenye gari hawalijui hili: kwetu daladala zinazoanzia Mbande zinapita Chamazi zimeshona. Anayetaka kiti anapanda gari linaloelekea Mbande, analipa nauli ya kurudi nyuma, anageuza nalo, halafu analipa tena ya kwenda mjini. Asiye na nauli mbili anasimama na kuning'inia hadi Rangi Tatu, na pale anaanza upya kugombania lingine. Mtu huyu mnampeleka kwenye kazi nyepesi, wakati njia ya kwenda huko ni nzito kuliko zege.

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo mdomoni: ajiajiri. Nalisikia kila wiki. Atumie mkupuo wake afungue kibanda. Akope ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Hiyo asilimia mbili ni jambo jema, na bajaji nyingi za matairi matatu zinazoendeshwa na ndugu zetu wenye ulemavu mjini ni ushahidi kwamba mtu akipewa chombo anafanya kazi. Lakini mkopo ni deni. Biashara ina siku ya kupata na siku ya kukosa. Mkimwambia mtu aliyepoteza mshahara kwamba hajapoteza kipato kwa sababu anaweza kukopa, mmekwepa swali. Theluthi mbili ya uwezo wa kupata kipato haiwezi kupimwa kwa mtaji ambao mtu hana. Jirani yangu mkupuo wake ulikwenda kwenye bati za nyumba iliyokuwa inavuja na ada ya mtoto aliyefaulu kwenda bweni. Nani atamlaumu?

Mtataja pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia tatu ya watu wenye ulemavu. Niliwahi kukaa na kalamu nikaipiga hesabu hiyo. Asilimia tatu ya watu 20 ni sehemu sita ya kumi ya mtu. Ili ifike mtu mmoja kamili, mwajiri awe na wafanyakazi 34. Karakana, maduka na viwanda vidogo vya Temeke vinavyofika hapo ni vichache, na jirani yangu anaishi katikati ya vile visivyofika. Sheria hiyo naipenda na ningetamani ikaguliwe kwa nguvu. Tena ikaguliwe kwa maandishi: kila mwajiri anayehusika aandike ana viti vingapi vya kazi za kukaa, vinavyotaka elimu gani, na nani amevikalia. Tungeanza kupata hesabu ninayoililia.

Kwenu watakwimu sasa. Kazi yenu naiheshimu. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120, na mkatuambia kwamba katika walio na umri wa miaka saba na kuendelea, asilimia 11.2 wana aina fulani ya ulemavu. Mnafanya pia utafiti wa nguvu kazi. Ule wa mwaka 2020/21 umenisaidia sana kujua watu wanafanya nini. Lakini makundi ya kazi mnayoyatumia, yanayofuata mpangilio wa Shirika la Kazi Duniani, yanamweka katika kundi moja la kazi za msingi mfagiaji, kuli, kibarua wa ujenzi, mchambua taka na mmachinga. Kundi hilo halisemi nani anakaa na nani anasimama, wala nani ananyanyua kilo ngapi. Mtu anaweza kuchukua jumla ya kundi hilo akasema: tazama, kazi zisizohitaji elimu ziko tele. Ni kweli ziko tele, na karibu zote ni za miguu na mgongo.

Ongezeni maswali matatu katika utafiti ujao. Katika siku ya kazi unakaa saa ngapi? Kitu kizito kabisa unachonyanyua kina uzito gani? Nafasi hii ingeweza kuchukuliwa na mtu wa darasa la saba asiye ndugu wa mwenye mali? Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, baada ya aibu ya kamusi ile ya zamani, ilianzisha utafiti maalumu wa kuuliza mambo ya kukaa, kusimama na kunyanyua. Sisi hatuhitaji kusubiri aibu. Na majibu myatoe kwa wilaya, kwa sababu kazi iliyoko Mtwara haimlishi mtu wa Temeke.

Kwenu madaktari, ombi langu ni dogo na liko ndani ya taaluma yenu. Acheni kuandika kazi. Andikeni mwili. Andikeni: anakaa dakika 20 mfululizo, anasimama 10, ananyanyua kilo tatu, hapandi ngazi ya daladala bila kushikwa, vidole vya mkono wa kulia havikamati kitu kidogo. Hayo mnayajua kuliko mtu yeyote. Mkiyaandika, mtu kama mimi anaweza kukaa na mwajiri na kulinganisha mwili na kazi. Mkiandika *kazi nyepesi*, mwajiri anafunga daftari na mimi sina la kumwonyesha.

Nanyi maofisa wa mifuko, mnaoisoma karatasi hiyo mwisho. Pale inapobidi kuamua kwamba mtu bado ana uwezo wa kupata kipato kwa kazi ya kukaa, itajeni kazi hiyo kwa jina. Semeni iko wapi, viko viti vingapi, na mmejua kwa nani. Mumpe mhusika karatasi hiyo mkononi, kwa Kiswahili, na muda wa kuijibu. Kama hamwezi kuitaja, basi msiihesabu dhidi yake. Fao la utengamao limo katika sheria, na Temeke yetu ina chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu pale Yombo. Mtu wa miaka 41 bado anafundishika. Mpelekeni akajifunze kazi yenye kiti kabla hamjaandika kwamba kiti kipo.

Mwingine atasema nawatetea wavivu. Nimekaa nao barazani, nawajua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia hataki kazi. Jirani yangu alipotoka kwa mkandarasi alizunguka wiki mbili na karatasi yake akiulizia kiti kuanzia Chamazi hadi Tandika, kwa fimbo. Alipokosa alikuja akaniuliza kama kuna ofisi inayotunza orodha ya kazi hizo nyepesi, kwa sababu daktari asingeziandika kama hazipo. Aliamini kabisa kwamba orodha ipo mahali, ila yeye hajaelekezwa. Nilishindwa kumjibu.

Jumanne ijayo ana miadi ya kliniki. Nitakwenda naye, na nimemwandikia kwenye karatasi dakika anazoweza kukaa na dakika anazoweza kusimama, tulizozipima wenyewe kwa saa ya simu. Tumekubaliana tutoke saa 11 alfajiri. Tutapanda gari la kwenda Mbande kwanza, tugeuze nalo, ili apate kiti.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria, Chamazi, Temeke